Mteja Aliyetaka Kila Unywele

Wanaodhani uchawi husubiri usiku wa manane hawajawahi kufanya kazi studio ya picha. Ncha, fundi wa kuhariri picha, ulimkuta saa kumi na mbili jioni, mkononi kashika wino wa printa, akilini anahesabu dakika za kufunga aende zake nyumbani.

Alikuwa ametoka mara moja tu. Printa ilikuwa imeanza kutoa maharusi wa rangi ya zambarau, na mpiga picha, ambaye ndiye mwenye studio, hakutaka kusikia habari za maharusi wa zambarau. Basi Ncha alivuka barabara, akanunua wino, akarudi. Alimkuta mpiga picha mlangoni, begi la kamera begani.

"Kuna mteja ndani," mpiga picha alisema. "Anakutaka wewe tu. Nimemwambia tunafunga, akabaki kuniangalia. Mimi nawahi shughuli, utafunga."

"Anataka nini?"

"Nywele. Watu wanakufuata kwa nini kingine?"

Kweli, jina lenyewe la Ncha lilitoka kwenye nywele. Kumtoa mtu kwenye picha na kuacha nyuma yake patupu ni kazi ndogo kama mtu huyo ni kikombe au kiatu. Unazungusha mstari, unakata, umemaliza. Kasheshe ni nywele. Ni ndevu, manyoya ya paka, shali ya sufi ya bibi, vitu ambavyo kingo zake zimeyeyuka ndani ya kilicho nyuma. Mafundi wengine walikata nywele kama wanafyeka shamba, bibi harusi wa watu akatoka amevaa kofia ya pikipiki. Ncha alikaa na brashi yake, unywele kwa unywele, mpaka kwenye ncha. Alikuwa anaringa kwa hilo, na hakuficha.

Lakini jioni ile hakuwa na hamu ya kazi wala ya kuringa. Ilikuwa siku ya tatu mdogo wake hayuko sawa.

Ncha alimwita mdogo wake huyo Kichaka, kwa sababu ya kichwa chake. Nywele zake hazikuwahi kukubali chanuo wala kibanio, zilisimama pande zote na kufanya zinavyotaka. Kwa siku tatu Kichaka alikuwa akigonga milango. Alisimama katikati ya chumba alimozaliwa akauliza bafuni ni upande gani. Asubuhi hiyo aliegemea ukuta, akayumba, nusura aanguke, kana kwamba ukuta ulijivuta nyuma. Daktari alimpima damu, akammulika macho, akasema ni uchovu.

Mama yao alifariki Kichaka akiwa na miaka tisa. Ncha ndiye aliyemlea, akamgombeza, akamfundisha kupika na kujibu wakorofi. Hakuwa na mtu mwingine duniani, na hakuona aibu kusema hivyo. Huyu akimpotea, basi.

Akaingia ndani.

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Hafifu, kama mtu kachoma unywele mmoja kwa kiberiti.

Cha pili alikuwa mteja mwenyewe. Mwanamke wa makamo, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye paji la uso, magoti yamebanwa pamoja. Nyusi zake zilichorwa kwa wanja. Kope hakuwa nazo kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Wewe ndiye unayefika mpaka kwenye ncha?" aliuliza. Sauti ya chini, ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa.

"Ndiyo mimi. Lakini tunafunga."

"Haitachukua muda. Wenzako wameshanifanyia sehemu."

Ncha alimtazama vizuri, na jicho la fundi likaona kabla ya akili. Kwenye mwanga wa jioni kila mtu hufifia kidogo pembezoni. Nguo ina nyuzi, sikio lina vinyweleo, shavu lina vumbi. Mama huyu hakufifia popote. Alikaa mbele ya pazia la kahawia la studio, na mstari uliomtenga na pazia ulikuwa mkali kuzunguka mwili mzima. Kama mtu aliyebandikwa.

Uchovu, Ncha alijiambia, akiazima neno la daktari. Akapokea flashi ya mteja iliyobeba picha, akaichomeka kwenye kompyuta.

"Nimepita kwa mafundi wanne," mteja alisema. "Wa kwanza alitumia kile kitufe, unabonyeza mara moja kompyuta inakata yenyewe. Akanipa mtu na nusu ya dirisha. Wa pili na wa tatu ni wa kusahau. Wa nne alijitahidi, akakata mpaka mabegani. Alipofika kwenye nywele akashindwa."

"Ni picha ya nani?"

"Mtu wangu. Bakgraundi yote itoke, mwanangu. Usibakize hata unywele mmoja wenye rangi ya ukuta."

Picha ilikuwa nzito. Ilifunguka taratibu kutoka juu kushuka chini, kipande baada ya kipande, na kilichotangulia kilikuwa nywele.

Ncha alizijua kabla ya kuona uso. Alikuwa amezipaka mafuta asubuhi ile ile.

Kichaka.

Alikuwa anacheka, mkono umeinuliwa nusu, umeshika kijiko. Lakini amesimama wapi? Hapakuwa na mahali. Nyuma yake kulikuwa na vile viboksi vya kijivu na vyeupe ambavyo kompyuta huonyesha pale pasipo na kitu. Jikoni kwao kote kulikuwa kumefutwa. Sinki hakuna, dirisha hakuna, jiko hakuna. Pamebaki sehemu moja tu. Ndani ya nywele, kwenye matundu madogo kati ya unywele na unywele, ulionekana ukuta wa kijani. Kijani kile kile walichopaka wenyewe mwaka jana, wakigombana, kwa kopo la rangi lililobaki kwa jirani.

"Hii picha kapiga nani?"

"Mimi."

"Lini?"

"Juzi jioni. Alikuwa anachemsha chai, anacheka peke yake. Ana raha sana yule mtoto."

Juzi jioni nyumbani walikuwa wawili tu, na mlango ulikuwa na komeo. Ncha aliangalia picha tena. Ilikuwa imepigwa kutoka juu, kutoka kwenye pembe ya dari, juu ya kabati la vyombo. Mpiga picha angelazimika kujikunja kule juu, magoti kidevuni, na kukaa kimya muda mrefu.

Na juzi ndipo Kichaka alipoanza kugonga milango.

Watu wengi wangekula kona hapo hapo, na nani angewalaumu? Ila Ncha aliumbwa vibaya, au vizuri, sijui, hasira kwake hufika kabla ya woga na kukalia kiti chote.

"Unamtakia nini?"

Mteja aliinama. Harufu ya unywele uliochomwa ilisogea pamoja naye.

"Nina nyumba kubwa," alinong'ona. "Vyumba vingi. Mtu mwenye kwao huwezi kumchukua hivi hivi, anakuwa amejishika. Kwanza unatoa kilicho nyuma yake, chote. Akishakosa pa kurudi... anakuja mwenyewe." Akanyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Wenye vipara hawanisumbui. Wamejaa upande mzima wa mashariki. Huyu kajishikiza kwa nywele."

Simu ya Ncha ikaita. Kichaka.

"Dada..."

"Uko wapi?"

"Jikoni. Nadhani ni jikoni." Alikuwa anahema. "Dada, mlango uko wapi? Nimenyoosha mkono sigusi kitu. Kote kweupe. Kweupe na kijivu, kama... kama sakafu ya hospitali, lakini iko mpaka juu."

"Usisogee. Usikate simu. Umenisikia? Kaa hapo hapo."

Akaiweka simu mezani, ikiwa wazi.

"Mmalizie," mteja alinong'ona. "Kumwacha nusu hivi ni kumtesa tu. Na wewe ni fundi. Huoni vibaya kuona mtu kakatwa ovyo namna ile?"

Na hili Ncha hakuwahi kumwambia mtu mpaka leo: vidole vilimwasha. Kazi ya yule fundi wa nne ilikuwa chafu kweli, mabega yamechongwa, sikio moja limekuwa kama la sungura. Angeweza kuisafisha kwa dakika ishirini, ikatoka picha ya kuning'iniza ukutani. Alijichukia kwa kuliwaza hilo, akazidi kukasirika.

Akazitazama nywele.

Kila aliyewahi kumfundisha kazi alianza na somo moja, kwamba kwenye nywele hakuna mstari. Hapo mtu na mahali vimechanganyika. Unywele umebeba rangi ya ukuta, ukuta umebeba kivuli cha unywele, na hata ukikodoa macho huwezi kusema huyu anaishia hapa, nyumba inaanzia pale. Mafundi huita uchafu. Maisha yake yote Ncha alilipwa kuuondoa uchafu huo, na sasa ndio nyumba pekee mdogo wake aliyobaki nayo. Vitundu vya kijani. Vidogo kuliko punje ya mchele.

Lakini ukuta ukibaki hata kidogo, unaweza kuongezwa. Kuna brashi ya kunakili: inachota hapa, inapaka pale.

"Sawa," alisema Ncha. "Nitafanya."

"Mpaka kwenye ncha?"

"Mpaka kwenye ncha. Kaa nyuma, unanizibia mwanga."

Akaivuta picha karibu mpaka tundu moja la kijani likawa kubwa kama sahani, na unywele mmoja mnene kama kamba ya nanga. Ukisogea kiasi hicho, hata fundi mwenzako akisimama begani kwako hajui kama unatoa au unaongeza. Anaona kijani na nyeusi tu, na mkono unaokwenda.

Akachota. Akapaka.

Akachota. Akapaka.

Simu ilikuwa kimya, pumzi tu. Kisha:

"Dada... nimegusa ukuta."

"Ushike."

"Anasema nini?" mteja aliuliza.

"Anaaga."

Ncha aliendelea. Kijani kilitoka kwenye nywele za Kichaka kikatanuka, kikala kiboksi kimoja cha kijivu, viwili, kumi. Palipokwisha ukuta ilibidi achore kwa kukumbuka. Dirisha. Fremu yake, na ufa kwenye kioo cha chini. Sinki. Rafu ya masufuria, na masufuria yenyewe aliyachora kama mtoto wa chekechea, duara na mkono, duara na mkono, kwa sababu hapakuwa na muda wa urembo. Yeye, Ncha, aliyewahi kumrudisha mwanafunzi mara sita kwa ajili ya kivuli.

"Naona jiko," sauti ya Kichaka ilisema. "Mbona limepinda?"

"Nyamaza ushike ukuta."

Harufu ilizidi. Sasa haikuwa ya unywele mmoja, ilikuwa ya kichwa kizima.

Kidole kilitua kwenye kisogo cha Ncha.

Kilikuwa baridi. Kilikuwa laini mno, hakina mikunjo kwenye viungo wala zile alama za ncha ya kidole.

"Mbona unachelewa, mwanangu?"

"Nywele hazitaki haraka."

Kidole kilitafutatafuta, kikapata unywele mmoja mfupi wa shingoni, kikauzungusha... kikaung'oa. Ncha alisikia maumivu mpaka kwenye meno. Akaminya kitufe cha kuhifadhi.

Mstari wa kuhifadhi ukajitokeza chini ya kioo na kuanza kutambaa. Kazi ilikuwa inaandikwa ndani ya ile ile flashi ya mteja. Ikichomolewa kabla ya mwisho, imeharibika yote, na mtu aliyemo.

Asilimia kumi na mbili.

"Irudishe nyuma niione nzima," mteja alisema.

Asilimia thelathini.

"Irudishe nyuma."

Ncha akairudisha. Hakuwa na sababu ya kuficha tena, na kusema ukweli alitaka aone. Kwenye kioo palikuwa na jiko zima, baya, limepinda, rafu imeinama, dirisha ni la kuchora kwa kiwiko. Katikati Kichaka anacheka na kijiko chake. Kuzunguka kichwa chake kulikuwa na ukungu wa kijani, mchafu, umepakwa juu ya nywele zake zote.

Mteja alisogeza uso karibu na kioo. Alipoongea, mdomo haukufunguka vizuri.

"Kazi mbovu."

"Mbovu kuliko zote nilizowahi kufanya," Ncha alijibu. "Nimeifanya kwa makusudi, kila unywele. Kamtafute fundi wa sita akuchambulie rangi hiyo."

Mkono ukarukia flashi. Mkono wa Ncha ulikuwa umeshafika, ukaifunika kwa kiganja na kubana. Vidole baridi vikajipenyeza chini ya vidole vyake, kimoja kimoja, bila pupa.

Asilimia sitini na nane.

"Nitakuja kukuchukua wewe."

"Njoo. Nina nywele mpaka miguuni, utajua mwenyewe pa kuanzia. Lakini huyu humpati. Huyu ana kwao."

Asilimia tisini. Kucha ya mteja ilikuwa inamkata kiganja, damu ikatoka, na damu ikafanya kushika kuwe kugumu. Ncha aliegemeza mwili mzima juu ya meza, akafumba macho, akamtukana. Hayo matusi hayaandikiki.

Kompyuta ikalia kengele yake ndogo.

Imehifadhiwa.

Vidole vikaachia. Ncha alipofumbua macho, mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama kwa yale macho yasiyo na kope. Kisha akageuka aende zake. Na alipogeuka upande...

Hakuwa na unene.

Palikuwa na mstari uliosimama, mwembamba kama ukingo wa karatasi, kisha hata mstari haukuwepo. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Ncha hakukumbuka kulisukuma.

Aliondoka na flashi mfukoni. Wino wa printa aliuacha pale alipouweka, na maharusi wabaki zambarau mpaka kesho.

Alimkuta Kichaka jikoni, amekaa chini, mgongo umeegemea ukuta, mikono yote miwili imebandikwa kwenye ukuta huo kama mtu anayezuia gari. Ncha alimshika, akamkagua masikio, mabega, vidole. Vyote vilikuwepo. Nywele zilikuwa na chembe za kijani, rangi kavu ya ukuta, zimeganda mpaka kwenye ncha. Ncha alilia hapo, kwa sauti, bila kujizuia. Kichaka naye akalia kwa sababu dada yake hajawahi kulia mbele yake.

Baadaye wakacheka. Jiko lilikuwa limepinda kweli, limeinama upande wa kushoto. Rafu ilikuwa imeshuka. Masufuria yote yalikuwa duara na mkono, hayana vifuniko, na kioo cha dirisha kilikuwa kimekaa mshazari.

"Umeyachora wewe haya?" Kichaka aliuliza. "Shule gani hiyo?"

"Chemsha chai, acha maneno."

Chai ilichemka, imeegemea upande mmoja wa sufuria. Ncha alikuwa ameshika kikombe alipogeuka kuangalia kama mlango wa uani umefungwa.

Mlango wa uani haukuwepo.

Palikuwa na ukuta, wa kijani, laini, kutoka kona hadi kona. Alipapasa. Hapakuwa na fremu wala bawaba. Alikuwa amekumbuka ufa wa kioo, akasahau mlango mzima.

"Kichaka. Mlango wa uani."

"Mlango gani?"

Ngo. Ngo. Ngo.

Kulikuwa kubisha kwa kistaarabu, kutoka upande wa pili wa ukuta. Pale pale mlango ulipokuwa.

"Dada," sauti ilisema. "Nifungulie. Nilitoka kuanua nguo."

Ilikuwa sauti ya Kichaka. Kichaka aliyekuwa mezani aliweka kikombe chini polepole, bila kukigongesha.

Ncha alisikiliza. Mdogo wake ana mkwaruzo kwenye koo tangu utotoni, kama mchanga kidogo chini ya kila neno. Sauti ya ukutani haikuwa nao. Ilikuwa safi, imetoka nzima, imekatwa vizuri. Mtu hai hana kingo safi namna ile. Ncha alisogea, akaweka kiganja chake chenye damu kwenye ukuta.

"Wangu ninaye," alisema. "Ana rangi kichwani na jiko lake limepinda, na huyo huyo ndiye ninayemtaka. Wewe bisha mpaka uchoke. Huku hakuna mlango."

Akarudi, akakaa, akamwambia mdogo wake amimine chai nyingine. Kichaka akamimina. Kubisha kuliendelea kidogo, kukapungua, kukakoma. Wakanywa.

Kisha ukutani pakaanza kulia.

Kilikuwa kilio cha chini, cha mtu aliyekwisha kuita na kukata tamaa. Na ndani yake, wazi kabisa, kulikuwa na ule mkwaruzo wa Kichaka.

Kichaka akamtazama dada yake. Ncha akaushika mkono wake juu ya meza, akaubana, akahisi mifupa, joto, mapigo ya damu. Kilio kikaendelea. Ncha hakugeuka kutazama ukuta, na ule mkono hakuuachia.